Wiki Niliyomwita Mama Mora

Jirani yangu hapa Iringa ana tanuri la mikate, na Ijumaa alfajiri harufu ya unga uliochachuka hupenya dirishani kwangu kabla sijafumbua macho vizuri. Wengine wakinusa harufu hiyo husikia njaa. Mimi husikia wivu. Najua haipendezi mtu mzima, mwenye mtoto na kazi yake, kuamka akiuonea wivu mkate, lakini ndivyo nilivyo, na kwa kuwa mmekaa kunisikiliza, wacha niwaambie ulikoanzia.

Nilikuwa na miaka mitano na ushei. Tuliishi Guangzhou, chumba kimoja mtaa wa Dengfeng, juu ya duka la simu ambalo redio yake haikuzimwa hata mvua inyeshe namna gani. Baba alikuwa akinunua nguo kwenye masoko ya jumla ya Liuhua, karibu na stesheni ya treni, anazifunga marobota na kuzipeleka Dar es Salaam, kisha anarudi. Mama alikuwa naye kwenye kazi hiyo mpaka biashara iliposinyaa, ndipo akapata kazi ya kumsaidia mwalimu kwenye chekechea ya Wayahudi. Mtaani kwetu hakuna aliyemjua kwa jina la Rehema. Alikuwa Mama Jeni. Watanzania walimwita hivyo, Wakongo walimwita hivyo, na yule mzee wa Kichina wa duka la simu naye alimwita hivyo, nadhani akiamini ndilo lililoandikwa kwenye pasipoti. Mimi ndiye Jeni, kifupi cha Jenifa. Nilikuwa nikilisikia jina langu likiitwa ngazini na dukani hata nikiwa kitandani, na niliona ni haki yangu kabisa, sikuhitaji kumshukuru mtu.

Basi ikaamuliwa nipelekwe Iringa kwa Bibi, nikaanze shule. Baba alikuwa anasafiri Jumapili na mimi ningeondoka naye. Mama angebaki. Walinieleza vizuri, wakanionyesha ndege dirishani, wakaniambia Bibi ana mbuzi. Sikutaka mbuzi. Niliomba kitu kimoja tu, kwamba wiki ile iliyobaki nikae na Mama, asiniache kwa jirani. Mama akaniahidi tutakuwa wote, kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Ahadi aliitimiza, ila hakunifafanulia kwamba tutakuwa wote pamoja na watoto wengine kumi na ushei wasio wa kwake. Alikuwa amemwomba mwalimu wake nikae darasani wiki hiyo, na mwalimu akakubali.

Jumatatu asubuhi tulikutana ngazini na Mama Beni, jirani yetu kutoka Lubumbashi, mwanamke mnene mwenye kucheka kabla hujamaliza kusema. Aliniangalia nilivyopakwa mafuta nikang'aa, soksi nyeupe mpaka magotini.

"Mama Jeni, uko namupeleka mutoto ku masomo ya Bayahudi?" akauliza. "C'est bien, ni muzuri. Atatuombea, beko karibu na Mungu."

Ndani ya basi Mama alinipakata na kunipa sheria. Ya kwanza, hakuna chakula cha nyumbani kuingia kule, hata andazi, kwa hiyo nimalize langu kabla hatujashuka. Ya pili, nisimtazame sana nywele mwalimu, kwa sababu lile ni wigi, tena la bei mbaya, na kwao ni jambo la heshima ya ndoa. Ya tatu ndiyo iliyonikwamishia andazi kooni. Kule ndani nisimwite Mama. Nimwite Mora Rehema kama wenzangu. Mora ni neno lao la kumwita mwalimu wa kike.

"Kwa nini?" nikauliza.

"Kwa sababu mmoja akiita mama, wengine wote watakumbuka kuwa mama zao hawapo. Watalia mpaka mchana. Umenielewa?"

Nilielewa. Kuelewa ni kitu kingine na kukubali ni kitu kingine, na mimi nilishuka kwenye basi lile nimevimba kama unga uliosahauliwa kwenye beseni.

Chekechea yenyewe ilikuwa kwenye nyumba ya kawaida ndani ya geti, yenye ua mdogo na miti ya maembe ya Kichina iliyofungwa nyavu. Ndani kulikuwa na harufu ya rangi za nta, supu ya kuku na dawa ya sakafu. Watoto wa kiume walivaa vikofia vidogo vilivyobanwa na pini, na vilikuwa vikidondoka kila saa. Mora Hana, mwalimu mwenyewe, alikuwa mwanamke mwembamba mwenye mimba kubwa na sauti laini, na nitasema ukweli, alinipokea vizuri sana. Alinipa kiti chenye stika ya simba. Tatizo langu halikuwa Mora Hana.

Tatizo langu lilikuwa Talia. Mama hajaweka mkoba chini vizuri, kasichana kamoja kenye mashavu mekundu na meno ya mbele hayapo kakaja mbio, kakamkumbatia miguu, kakaegemeza kichwa kwenye tumbo lake. Na Mama akainama akambusu utosini, vilevile anavyonibusu mimi, bila haraka, kama mtu aliyezoea. Nikasimama pale na soksi zangu nyeupe. Roho iliniuma, asikwambie mtu. Mpaka siku ile nilidhani mama akitoka nyumbani huzimwa kama taa, akirudi ndipo huwashwa. Kumbe alikuwa akiwaka huku siku zote.

Siku hiyo tulijifunza herufi. Ilikuwa na vidole vitatu vimesimama juu, nayo ndiyo inayoanza neno lao la Sabato. Mora Hana alipaka asali juu ya kadi ya kila mtoto, ukafuatisha herufi kwa kidole na kukilamba, ili maisha yako yote kusoma kuwe kutamu. Asali ilikuwa tamu kweli. Lakini Talia alikuwa amekaa mapajani kwa Mama, na kidole chake kilikuwa kikiongozwa na mkono wa Mama, mkono ule wenye bangili ya shaba niliyozoea kuizungusha nikiwa nasinzia. Talia akaanza kuizungusha. Mimi nililamba herufi yangu nikaimaliza yote, nikalamba na plastiki iliyofunika kadi.

Mchana walituandalia magodoro madogo ya kulalia. Mama akapita akifunga mapazia, kisha akakaa katikati yetu na kuanza kuimba. Wenzangu, ulikuwa wimbo wangu. Hauko kwenye kitabu chochote, Mama aliutunga mwenyewe nilipokuwa mchanga, una maneno ya mvua na ya panya aliyeiba sabuni. Aliwaimbia wote, kwa Kiswahili, na wote wakalala, isipokuwa mimi na Talia. Talia alinigeukia akaninong'oneza kwa Kiingereza kwamba Mora Rehema huwa wake wakati wa kulala, kila mtu analijua hilo. Akaniuliza mama yangu yuko wapi.

Sheria ilikuwa sheria. Nikamwambia yuko kazini.

"Na wangu," akasema Talia, akafunga macho.

Jumanne na Jumatano nazikumbuka kwa mafungu. Nakumbuka vijiko vyekundu vya nyama na vya bluu vya maziwa, maana kwao nyama na maziwa havichanganywi, na jinsi Mama alivyovijua vyote vinakokaa, kabati hili na kabati lile, akivitenganisha hata bila kutazama, yeye ambaye nyumbani hakujua kisu kiko wapi. Nakumbuka mtoto aliyeitwa Nuhu. Hilo lilinishtua, maana kwenye shule yetu ya Jumapili nilikuwa nimefundishwa habari za Nuhu, na huyu hapa alikuwa mzima, ana mafua, analia kwa sababu mtu amekaa kwenye trekta lake. Kulikuwa na Rebeka pia, na Yakobo wawili. Niliona kama wamechukuliwa kwenye Biblia yetu bila ruhusa. Jioni nilimlalamikia Mama, akacheka mpaka akashika nguzo ya kituo cha basi, akaniambia ni sisi tuliowachukua.

Na nakumbuka habari ya nywele. Talia alitazama mistari yangu minene iliyosukwa, akataka na yeye asukwe kama mimi. Mama akamkalisha kati ya magoti yake, mahali pangu, akaanza. Lakini nywele za Talia zilikuwa laini mno, zinateleza, Mama akifika chini juu kumeshafumuka. Alijaribu tena, akalowesha vidole kwa maji, wapi. Sikumbuki kama niliwahi kuwa na furaha kama ile. Nilikaa pembeni nimekunja mikono na kutazama zikifumuka, na kimoyomoyo nikazishukuru nywele zangu kwa kuwa na msimamo. Furaha yenyewe haikudumu. Talia alianza kulia, na Mama akaniambia kwa Kiswahili, taratibu, nimpe ribini yangu moja. Nilimpa. Nilimpa ile iliyochakaa.

Alhamisi ndiyo siku ya mkate. Wanauita hala, ni mkate wa Sabato wenye mayai, unasukwa kwa nyuzi tatu kabla ya kuingizwa ovenini. Kila mtoto alipewa donge lake. Unga ule ulikuwa na uvuguvugu na harufu ileile inayoniamsha hapa Iringa, harufu ya chachu na sukari, na kitu kinachopumua. Mora Hana alitufundisha kuusokota mpaka uwe kamba, kisha kupitisha kulia juu ya kati, kushoto juu ya kati. Hapo nilijua nitang'ara. Nilikuwa nimesukwa tangu nina nywele, jambo lile lilikuwa kwenye mikono yangu bila kufikiri. Na kweli wangu ulitoka mzuri, na Mora Hana akauinua wote wauone. Nikamtafuta Mama kwa macho. Alikuwa amempa mgongo Mora Hana, akimsaidia Talia, ambaye donge lake lilikuwa limekuwa refu na chafu na lina unywele.

Ilipoiva, Mora Hana akasema kwa kuwa nimefanya kazi nzuri, mimi ndiye nitakayeshukuru kwa ajili ya mkate siku hiyo, kwa lugha yoyote niipendayo. Nadhani alitarajia sentensi moja. Lakini mimi nilikuwa mtoto wa kanisa, na nilikuwa nimekasirika, na mtoto wa kanisa aliyekasirika huomba kwa nguvu. Nikasimama juu ya kiti, nikafumba macho, nikaomba kama mchungaji wetu wa Jumapili. Nilimshukuru Mungu kwa mkate, kwa mayai, kwa safari ya Baba, nikamwombea Bibi na mbuzi, nikamwomba awaguse mioyo wote wanaokalia mapaja yasiyo yao, na nikamalizia kwa sauti, kwa jina la Yesu.

Na darasa zima, akina Nuhu na akina Yakobo, likaitikia, "Amen."

Nilifumbua macho. Mora Hana, ambaye hakujua Kiswahili hata neno, alikuwa akitabasamu na kupiga makofi. Mama alikuwa amegeukia sinki. Alikuwa akiosha sufuria ambalo lilikuwa safi, na mabega yalikuwa yakimtikisika. Kwenye basi alikuwa bado akicheka, akanibana kifuani akasema nimewaombea vizuri sana Wayahudi, lakini mapaja niyaache nje ya maombi. Jioni ile peke yake, wiki nzima, nilijiona nimeshinda.

Ijumaa ikafika. Kila Ijumaa msichana mmoja huchaguliwa kuwa mama wa Sabato. Hufungwa kitambaa kichwani, anaketi mbele, anaziba macho kwa viganja mwalimu akiwasha mishumaa. Zamu ilikuwa ya Talia, tangu wiki nyingi nyuma. Watoto wote walikuja na nguo nyeupe, meza ikatandikwa kitambaa cheupe, hala zetu zimefunikwa. Na wiki ile wazazi walikuwa wamealikwa, kwa sababu ya kitu ambacho Mora Hana alikuwa akituandaa nacho tangu Jumatatu. Kwao, Sabato inapoingia, mzazi humwekea mwanawe mikono kichwani na kumbariki. Msichana huombewa Mungu amfanye kama Sara, Rebeka, Raheli na Lea. Wote hao niliwajua. Nilitaka na mimi nifanywe kama wao, hata kama sikujua watu hao walikuwa wamefanya nini hasa, na nilimtaka Mama anifanyie. Jumapili ilikuwa keshokutwa. Nilijipangia tangu nilipoamka kwamba ikifika saa hiyo atavunja sheria yake mwenyewe, atakuja kwangu mbele ya wote, na Talia ataona.

Wazazi wakaja, kina mama na baba wachache, wakinukia manukato na barabara. Wakasimama kila mmoja nyuma ya kiti cha mtoto wake. Nyuma ya kiti cha mama wa Sabato hapakuwa na mtu. Mama yake Talia alikuwa Shiling tangu asubuhi, kule kunakoshonwa mikoba, kukagua mzigo wa ngozi, na alikuwa amepiga simu kwamba gari limekwama njiani. Talia alitazama mlango. Akautazama tena. Kidevu kikaanza kumtetemeka chini ya kile kitambaa.

Mora Hana akanong'ona kitu. Na Mama, aliyekuwa ameshaanza kuja upande wangu, nawaapia alikuwa ameshapiga hatua, akasimama. Akanitazama. Kisha akageuka, akaenda akasimama nyuma ya Talia, akamwekea mikono yote miwili kichwani.

Mora Hana ndiye aliyeniwekea mimi mikono. Ilikuwa mikono mizuri, ya baridi, ina harufu ya sabuni. Alikuwa akisema maneno ya baraka kwa sauti na wazazi wakimfuatisha. Sikusikia hata moja. Nilikuwa nikitazama ng'ambo ya meza, bangili ya shaba juu ya kitambaa cheupe cha Talia, na Mama kafumba macho, midomo inatembea. Na yeye alikuwa akisema. Alikuwa amejifunza maneno yao, nikawaza, amejifunza yote kwa ajili yake. Nilitamani Talia afe. Halafu nikaogopa, kwa kuwa tulikuwa mbele ya mishumaa, nikatamani apate mafua tu.

Kwenye basi sikutaka kupakatwa. Mama akaniuliza kama nimechoka. Nikamwambia hapana, Mora Rehema. Akaniuliza kama nina njaa. Nikamwambia hapana, Mora Rehema. Hakunigombeza. Aligeukia dirishani akatazama nje mpaka tulipofika, na mimi nikatazama upande wangu. Hala yangu nilikuwa nimeikumbatia kwenye mfuko, nikaila yote peke yangu njiani bila kumgawia.

Jumapili Mama Beni alitusindikiza uwanja wa ndege. Hapo nililia na kumwita Mama kama kawaida, wivu wote umeniishia, sina hata aibu. Alinishika mikono, akanifuta kamasi, akanikabidhi kwa Baba kwa sababu foleni ilikuwa inasogea. Nilipogeuka mara ya mwisho nilimsikia Mama Beni akimwambia, "Mama Jeni, twende, Mama Jeni," na nikaona jinsi jina langu lilivyobaki naye kule wakati mimi naondoka.

Kwa Bibi nilikua vizuri. Mbuzi walikuwepo. Lakini miaka yote ile Mama alipokuwa Guangzhou, kila Ijumaa nilijua mikono yake iko juu ya kichwa cha nani. Sasa yuko hapa, amezeeka kidogo, na kila Krismasi hutengeneza hala, ila anatia iliki, na wanakwaya huiita mkate wa suka wa Mama Jeni. Krismasi iliyopita tulikuwa jikoni wawili, tumezama kwenye unga mpaka viwikoni, ndipo nikamuuliza. Nilijifanya nauliza tu. Nikamwambia, ile Ijumaa, kule, alikuwa akisema nini juu ya kichwa cha Talia, na yale maneno alijifunza lini.

"Maneno gani?" akasema. "Yale ya Mora Hana sikuyajua. Mpaka leo siyajui."

"Midomo ilikuwa inatembea."

Akaendelea kusokota unga wake.

"Nilishindwa kukaa kimya, mtoto wa watu angesikia kuwa sisemi kitu. Na kichwa changu kilikuwa na neno moja tu siku ile. Nikalisema hilohilo. Jenifa. Jenifa, Jenifa, mpaka Mora Hana akamaliza."

Kwa hiyo, wenzangu, kuna mwanamke mahali fulani duniani, rika langu, aliyebarikiwa kwa jina langu na hajui. Nimemsamehe. Wivu wa jina uliisha palepale jikoni, niliuhisi ukitoka. Uliobaki ulikuwa wa mikono.

Nikainamisha kichwa. Mama akaniuliza nimeangusha nini. Nikamwambia sijaangusha kitu. Akaacha kusokota, akaniwekea mikono yote miwili kichwani, na unga wake wote.